Mkono wa Beki na Bendera Yangu

Siku tatu zimepita tangu mechi, na bado nikikaa peke yangu nacheka. Mke wangu ananiangalia, anatikisa kichwa, anaendelea na kazi yake. Basi nimechukua kaye, daftari langu, niandike kabla furaha haijaanza kunidanganya, maana furaha nayo inadanganya kama hasira.

Mimi si mwandishi. Nilisoma hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kisha masomo yakaishia hapo. Lakini tangu wakati ule nina tabia ya kuandika jioni yale niliyoyaona mchana, na yale ambayo sikuyaona vizuri naweka pembeni yake alama ya kuuliza. Mke wangu anasema kaye zangu zina alama nyingi za kuuliza kuliko maneno. Inawezekana.

Nataka kuandika habari ya kochi wetu. Watu wa hapa wote wanamjua, lakini wengi wanamjua kwa kelele tu. Mimi nimemwangalia kutoka kwenye mstari karibu miaka ishirini. Simaanishi kwamba namjua kuliko wengine. Nasema tu fasi yangu, mahali niliposimama.

Alikuwa beki wa kati. Mpira alijifunza utotoni, ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi, na wakati watu waliporudi, alirudi na miguu mirefu na ulimi wa asali. Alikuwa si mwepesi. Hilo niliandike wazi, maana siku hizi vijana wanasema alikuwa anakimbia kama swala. Hapana. Alikuwa mzito. Lakini alikuwa na vitu viwili ambavyo sijaona kwa mwingine.

Cha kwanza, maneno. Alikuwa anamsalimia mshambuliaji katikati ya mechi, kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani kwake. Akija Mbembe, anamsalimia Kibembe. Akija mtu wa milima, Kinyarwanda. Akija Mrundi, Kirundi. "Leki, mudogo yangu, mama anaamuka muzima? Na bale batoto?" Kijana wa watu anajibu, kwa sababu amelelewa vizuri, na wakati anajibu kwamba mama anaendelea vizuri, beki wetu ameshapanda hatua tatu mbele na kumwacha nyuma peke yake. Orije.

Cha pili ni mkono. Orije, kwa asiyejua, ni kuotea: pale mshambuliaji anapokuwa amempita beki wa mwisho kabla mpira haujapigwa kumfikia. Beki wetu alipopanda na wenzake, aliinua mkono wa kulia juu, vidole vyote vitano vimefunguka, kifua mbele, uso umetulia kama wa pasta anayebariki. Ukiuona mkono ule, unaamini. Uwanja mzima ulikuwa unaamini. Na mimi niliyeshika bendera, mimi zaidi ya wote.

Niseme nilivyoipata bendera. Nilijaribu kucheza, nikawa mbaya. Siku moja waamuzi walikuwa hawatoshi, mtu akanipa kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu, akasema, "We simama pale, ukiona orije unainua." Nimesimama pale mpaka leo. Na hapa kwetu iko desturi ambayo wageni wanaishangaa: muamuzi wa kati anatoka mbali, lakini wa pembeni, kila timu inaleta wake, na kila mmoja anasimama upande wa goli la timu yake mwenyewe. Wageni wanauliza, hivi si atawasaidia ndugu zake? Wazee wa mpira wanajibu: muntu akiiba kwake, batoto bake banamuona. Ukisimama mbele ya watu wako, ukainua bendera ya uongo, wao ndio watakaokutania sokoni mpaka uzeeni.

Hivyo ndivyo wanavyosema. Sina hakika kama ni kweli, kwa sababu mimi niliinua ya uongo na hakuna aliyenitania.

Ilikuwa mechi na watu wa Fizi, pale juu, katika miaka yake mizuri ya kucheza. Tulikuwa tunaongoza, zimebaki dakika chache. Mpira ukapigwa mrefu, mkono wake ukapanda, na bendera yangu ikapanda. Mshambuliaji wao alikuwa ameshafunga. Arbitri, yule muamuzi wa kati, akakataa goli. Tukashinda, tukabebwa, tukaimba. Usiku nilipofungua kaye niandike, nikagundua kwamba sikumbuki mshambuliaji alikuwa wapi. Nilikuwa nakumbuka mkono tu. Nilikuwa nimeangalia mkono. Yule kijana aliyefunga hata hakubisha. Alinipita karibu akasema, "Sawa, yaya," yaani kaka, basi. Kama angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Niliweka alama ya kuuliza, kubwa, nikageuza ukurasa.

Kisha beki wetu akaenda Uvira kucheza huko, watu wakasema hatarudi. Baada ya misimu miwili akarudi na goti baya, analikunja kwa mikono miwili akitaka kukaa. Watu wengi wakiumia goti wanakuwa wakali. Yeye alifika uwanjani siku ya kwanza na mpira kwapani, akawasalimia bamama wanaouza mikate mmoja mmoja, akawauliza habari za watoto wao kwa kuwataja majina, akasimama katikati akasema: "Mimi siwezi tena kukimbia. Na zamani nilikuwa sikimbie. Mutaona." Wakacheka wote. Siku hiyohiyo akawa kochi, na sikumbuki kama kuna mtu alimchagua.

Kazi yake ya ukocha ilikuwa ya ajabu. Alichukua kamba ya wavu kutoka kwa wavuvi, akawafunga mabeki wanne kiunoni, wote kwa kamba moja, umbali wa hatua kumi kati ya mmoja na mwingine. "Tupande!" anapiga kelele, wote wanapanda hatua tatu. Mmoja akichelewa, kamba inamvuta mwenzake, wanaanguka. Wiki za kwanza walianguka mpaka watoto wa shule wakawa wanakuja kuangalia kama sinema. Baadaye waliacha kuanguka. Baadaye zaidi alifungua kamba, nao wakaendelea kupanda pamoja kana kwamba bado ipo. Nilikuwa nasimama kwenye mstari na nywele zinanisimama. Watu wanne, hatua tatu, kwa mara moja! Mimi ambaye sijawahi kuvutiwa na gwaride la askari.

Golini aliweka kijana wa milimani, kutoka upande wa Bibokoboko, ambaye alikuwa amechunga ng'ombe mpaka alipokuwa mkubwa. Wako watu walionung'unika kwamba si wa kwetu, nao niwaandike kwa haki: si wote walikuwa na chuki, wengine walikuwa na mtoto wao waliyetaka asimame pale. Kochi aliwajibu, "Mupira inasema luga gani? Mukinionyesha, nitatafuta kipa mwenye kuisema." Na yule kipa mwenyewe aliniambia kazi ni ileile: unasimama, unaangalia wote kwa mara moja, na yule anayetaka kutoroka unamjua kwa masikio yake.

Sasa niandike upande wa prezida wa komite, mwenyekiti wa kamati ya timu, maana mjini wanamsema vibaya, na si haki.

Prezida ana mitumbwi ya kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mabeki wetu watatu kati ya wanne wanavua kwake. Sisi hapa tunacheza mechi kubwa wakati wa mwezi mkubwa, kwa sababu ndagala wanafuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina nguvu, basi wavuvi wanapumzika. Wachezaji wamelala, na hata nyavu za goli tunazipata, kwa sababu ni nyavu zao. Mwezi ukipungua, giza linarudi, watu wanarudi ziwani, na mpira unangoja. Ndivyo tulivyo.

Prezida alikuwa amechoka na kochi. Alisema mbele yangu: "Bantu banakuya kuona magoli. Banaona nini? Batu bane banatembea pamoja kama banabeba sanduku ya maiti." Nilirudi nyumbani nikaangalia kaye. Mechi nyingi za mwisho tulikuwa tumemaliza sufuri kwa sufuri. Alikuwa na haki. Hatukufungwa, lakini hatukufunga.

Basi komite ikamwita kochi, nami nilikuwapo kwa sababu ya bendera. Mechi iliyobaki ilikuwa na timu ya Misisi, wachimba dhahabu, na atakayeshinda anakwenda Uvira kucheza na timu za mji. Prezida akasema: "Ukishinda, filimbi ya kochi ni yako. Ukipoteza, ao mukitoka sare, unaileta hapa kwa meza. Tutatafuta mwingine."

Kochi aliuliza jambo moja tu. "Papa Prezida, na mwezi?"

"Mwezi utakuwa mukubwa. Batu bako balale."

"Aksanti."

Wakashikana mikono. Nilimwona kochi anatoka, anavuta mguu, anaimba. Lakini filimbi ilikuwa shingoni na alikuwa ameishika kwa mkono wote, kama mtu anayeshika mtoto sokoni. Mtu huyu hana kazi nyingine anayoipenda. Analima kidogo, anauza mafuta ya mawese kidogo, lakini ukitaka kumwona mzima, umwone uwanjani. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba mechi ya namna hiyo, kwa timu inayocheza orije, itapita kwenye bendera yangu.

Kisha mvua ikanyesha. Barabara ya Misisi unaijua: hata jua likiwaka ni mbaya. Siku ya mechi tukafunga nyavu, watu wakajaa, saa zikapita, simu ikaja kwamba moto zao, zile pikipiki, zimezama katika tope na hawafiki. Tuwape wiki. Kanuni inawaruhusu, na kusema kweli sisi pia tulishawahi kuomba hivyo.

Lakini wiki moja baadaye mwezi ulikuwa umepungua. Kochi akaenda kwa prezida, mimi nikamsindikiza.

"Papa, unipe paka usiku mumoja, mumoja tu. Batatu tu balale."

"Kochi, mutumbwi inaenda na batu bangapi? Nikitoa batatu, ile wavu itavutwa na nani? Na bale bengine batakula nini kesho? Batu banakula ndagala, habakule mupira."

Tena alikuwa na haki. Inachosha, kuandika mtu ana haki kila mara, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mechi mabeki watatu walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka ufukweni. Magamba ya samaki yalikuwa yanang'aa mikononi mwao. Macho mekundu. Wa kushoto alikuwa anapiga miayo mpaka unaona meno ya mwisho. Na wale wa Misisi waliingia kwa kelele, watatu watatu kwenye moto, jezi za manjano, tope mpaka masikioni, wanaimba, wamelala vizuri wote!

Kochi akawaita wetu wakae chini. Nilikuwa nakaza kitambaa cha bendera karibu nao.

"Mumechoka?"

"Hapana, Kochi."

"Museme ukweli."

"Tumechoka, Kochi."

"Mimi najua. Leo hatukimbie. Muntu asikimbie! Tutapanda hatua tatu, tutapanda tena hatua tatu, na bale ba Misisi njo batakimbia paka batachoka kama sisi." Wakacheka. Kisha akaniangalia. Nilingoja aseme kitu. Mioyo ya watu ina kina kirefu, na mimi nilikuwa na hofu ya kusikia neno ambalo ningelazimika kuliandika. Akasema tu, "Na we, angalia." Basi. Niliandike hilo vizuri: hakuniomba kitu.

Kipindi cha kwanza tulifunga. Mshambuliaji wetu, mkimbizi wa Burundi anayelima mihogo wiki nzima, alipiga mpira wa adhabu kwa mguu ule wa jembe, na ingawa nilikuwa mbali, upande wangu wa goli letu, niliona wavu ukijaa kama umepata samaki. Uwanja ukalipuka! Mama mmoja alirusha sahani ya mikate. Moja kwa sufuri.

Kipindi cha pili, oh, kipindi cha pili. Misisi walikuwa na mshambuliaji mfupi, mwenye kipara, mwepesi kama panya. Alikimbia, wetu wakapanda, bendera. Alikimbia tena, wetu wakapanda, bendera. Na zile niliziona! Naapa niliziona, kila moja, mguu wake na miguu yao, wazi kabisa. Sikuangalia mkono wa mtu. Mara ya nne akanijia.

"Yaya, huo mukono hauchoke?"

"Hauchoke, leki."

"Nitauchokesha."

"Ungoje mupira ipigwe, kisha ukimbie, tutapatana."

Akacheka, nami nikacheka, na watu nyuma yangu walikuwa wanahesabu kwa sauti kila bendera. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuwa nayo mstarini. Watu wanne, watatu wao wamekesha ziwani, walikuwa wanatembea hatua tatu tatu na kuwashinda watu kumi na mmoja waliolala!

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Mpira ukatoka katikati, mrefu. Kochi, pale benchini, akasahau kwamba ameacha kucheza: mkono wake ukapanda juu, vidole vitano. Mabeki wote wanne wakainua mikono. Kipa akainua. Benchi lote likainua, na watu nyuma yangu, bamama, watoto, wazee, motari juu ya moto zao, wote mikono juu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Baraka nzima ilikuwa imeinua mkono, na umebaki mkono mmoja tu, wangu.

Nami nilikuwa naangalia miguu. Beki wa kushoto alikuwa hajapanda. Mkono wake ulikuwa juu, lakini miguu ilibaki. Hatua moja. Pengine nusu. Yule mfupi alikuwa sawa naye.

Sikuinua.

Akaenda peke yake, akamzunguka kipa, akafunga. Moja kwa moja, sare.

Kelele iliyotoka siwezi kuiandika. Niandike maneno niliyoyasikia, bila kuyapamba. "Judasi!" "Dhahabu ya Misisi iko mu mufuko yake, mumusachi, mutafute ndani!" Mama wa mikate, ambaye ananilisha kila Jumapili, akasema, "We, toka leo mukate yangu uisikie paka arufu tu." Shemeji yangu mwenyewe alikuwa ameshika kandambili mkononi.

Kisha wakanyamaza, kwa sababu kochi alikuwa anakuja. Alikuja kando ya mstari, anavuta goti lile, filimbi inacheza kifuani. Nilijua filimbi ile itatoka shingoni mwake kwa sababu yangu. Nilishika bendera kwa mikono miwili.

"Nani?" akauliza.

"Wa kushoto."

"Alibaki?"

"Hatua moja. Pengine nusu. Lakini alibaki."

Akageuka kuangalia. Beki wa kushoto alikuwa bado amesimama palepale, mkono juu, kidevu kimeanguka kifuani. Kochi akaanza kucheka, ile sauti yake kubwa, mpaka akashika goti.

"Ule analala! Muone! Analala na mukono juu!"

Akawageukia watu. "Mukae! Ni goli. Mimi pia nimeona." Kama aliona kweli, sijui. Nimeweka alama ya kuuliza. Lakini walikaa. Hata shemeji alivaa kandambili.

Na hapo kochi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, akawapungia wote mkono mbele. "Bote! Babeki bote bapande! Kipa, na we panda paka katikati!"

Kipa akapiga kelele, "Kochi! Na nyuma?"

"Nyuma kuko muntu wa bendera!"

Wakaenda. Wote. Nilibaki peke yangu upande wangu wa uwanja, goli tupu, nyasi, mbuzi mmoja aliyekuwa amepita chini ya kamba ya kuzuia watu. Mbele kule niliona migongo, jezi zetu na za manjano zimechanganyika, na vumbi ambalo sijui lilitoka wapi baada ya mvua ile yote, lakini uwanja wetu haukauki ila hapo mbele ya goli lile. Mpira ukapigwa juu. Ukashuka ndani ya watu. Na ghafla wachezaji wa Misisi, wote, wakainua mikono wakimwangalia muamuzi wa pembeni wa kwao.

Alikuwa mzee kidogo, mwenye kofia, upande ule mwingine. Alisimama. Bendera yake chini, imegusa mguu.

Arbitri akamtazama. Akaonyesha katikati. Goli!

Nilikimbia. Sikuwa na ruhusa ya kukimbia, lakini nilikimbia na bendera juu, peke yangu, upande usio na mtu, napiga kelele kama mwendawazimu, na mbuzi akakimbia mbele yangu. Mbili kwa moja! Nilipokumbuka kwamba mimi ni muamuzi nilisimama, nikaishusha bendera, nikarudi kwenye mstari na aibu. Hakuna aliyeniona, lakini naliandika.

Nani alifunga? Nimeuliza watu saba. Watatu wanasema beki wa kati kwa paji la uso. Wawili wanasema yule Mrundi kwa goti. Kipa anasema ni mtu wa Misisi aliyejifunga. Beki wa kushoto anasema mpira ulimpiga mgongoni, akaamka. Mimi sikuona. Sitaandika jina la mfungaji wa goli ambalo sikuliona.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikwenda kwa yule mzee wa kofia. Watu wake walikuwa wamemzunguka. Yule mfupi mwenye kipara, aliyemleta kwenye moto yake, alikuwa anamwambia, "Utarudi na miguu, papa. Misisi si mbali." Tukasalimiana. Nikamuuliza kama aliona vizuri.

"Sikuone kitu," akasema. "Vumbi. Na kama haukuone, unainua nini?"

Mimi nilikuwa nimejisifu kidogo moyoni kwamba nimeona nusu hatua, na huyu mtu hakujisifu kitu, alisema hakuona. Baadaye nilimwona amepanda moto ileile, nyuma ya yule mfupi, wanabishana huku wakicheka.

Komite ikakaa palepale nyuma ya goli, maana prezida alikuwa na haraka: wavuvi walikuwa wanafungua nyavu zao kwenye milingoti ili waende nazo ziwani jioni ileile. Kochi alingoja kando, amechuchumaa kwenye mguu mzuri. Nikachuchumaa karibu naye. Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Kochi, ile mechi na batu ba Fizi. Ile orije ya mwisho. Sikuona. Niliona paka mukono yako tu."

"Mi najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimechelewa. Kijana alikuwa amenipita muzuri kabisa. Beki anainua mukono namna ile wakati gani? Wakati amechelewa." Akatema mate pembeni. "Kama alikuwa kwenye orije ya kweli, ningeinua ya nini? Bendera ingepanda yenyewe."

"Na miaka hii yote unanyamaza?"

"Na we si ulinyamaza? Tulikuwa babili."

Prezida akatuita. Alikuwa amesimama na shati lake zuri, na jasho, na nitaapa kwamba alikuwa na furaha ingawa alijaribu kuificha. Akasema kwa kifupi: "Nilitoa neno. Umeshinda. Filimbi ni yako, na Uvira tunaenda na we."

Watu wakaanza vigelegele. Kochi hakusema aksanti. Akasema, "Papa Prezida, bado. Usiku wa mbele ya mechi, babeki bangu balale. Kila mechi, mwezi ukuwe mukubwa ao usikuwe. Na ule wa kushoto alale leo."

Vigelegele vikakatika. Nilitaka kumvuta shati. Mtu ameshapewa filimbi, anaitia tena mezani!

Prezida alimwangalia, akaangalia nyavu zinazokunjwa, akamwangalia beki wa kushoto ambaye alikuwa amekaa juu ya wavu na kulala kabisa, wenzake wanauvuta chini yake kidogo kidogo wasimwamshe.

"Sikatae," akasema. "Lakini wavu haivutwe na upepo. Kila beki anayelala, uniletee muntu fasi yake. Leo unaleta nani?"

Kochi akavua viatu. Akavifunga kamba, akavitundika shingoni pamoja na filimbi. "Leo, mimi."

"Na goti?"

"Goti itakaa mu mutumbwi. Mikono njo itavuta." Akaniangalia. "Na huyu anakuya. Alete na kaye yake. Ataandika kama ninavuta, ao ninashika tu."

Nilikwenda. Nilikaa nyuma yake, nikaangalia vizuri, na asubuhi nikaandika kabla ya kulala: alivuta. Mara mbili alishika tu.